Usiiuze kesi ya PC ya zamani kwa watu wa vyuma chakavu

Jamani kama una PC ya zamani imekaa stoo inakula vumbi, fungua kwanza uone bati la kesi yake, yaani lile boksi la nje. Mimi yangu nimetoa kila kitu ndani nikaisugua na brashi ya rangi mpaka kwenye kona, na sasa hivi ndo imebeba mashine mpya ninayotumia hapa. Vipimo vya ATX (kiwango cha ukubwa wa bodi na kesi za PC) vipo tangu 1995 na mashimo ya skrubu ni yaleyale, kwa hiyo mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya micro-ATX, ile saizi ndogo ya ATX, ya sentimita 24.4 kwa 24.4 imekaa freshi kabisa, ila angalieni vile vinguzo vya shaba vinavyobeba bodi, kikibaki kimoja pasipo na shimo kinaweza kugusa mgongo wa bodi kikapiga shoti. Waya za batani ya kuwashia nazo kwenye kesi nyingi za ofisini zimeunganishwa plagi moja, itabidi uzitenganishe mojamoja ndo ziingie kwenye pini za bodi mpya.

Pawa saplai (kile kiboksi cha kuipa PC umeme) ya zamani usiirudishe, hapo usibane hela kabisa maana kapasita zake (vifaa vidogo vya kutunza chaji) zinachoka na umri na ikilipuka inaweza kuondoka na vitu vingine.

Halafu joto. Hizi kesi hazikutengenezewa hewa nyingi, na kwa joto hili la Dar mi nimefunga feni ya milimita 80 nyuma inatoa hewa nje. Hela ya kesi mpya nimeongezea kwenye SSD (diski ya kuhifadhia data), na kwa kweli naipenda sana hii mashine.