Kengele Tatu za Balangiga

Balangiga ni mji mdogo wa pwani, ambao miaka mia moja na ushee iliyopita ulikuwa kijiji tu, penye mlango wa mto kusini mwa kisiwa cha Samar nchini Ufilipino. Kanisa lake la parokia, lililowekwa chini ya Mtakatifu Laurenti Shahidi, lisingejulikana sana nje ya Jimbo Katoliki la Borongan kama si kengele zake tatu, zilizochukuliwa na askari wa Marekani mwaka 1901 na kurudishwa Desemba 2018. Nimekuwa nikiifuatilia habari hii, na naona wengi wanaoisimulia huharakisha kufika kwenye vita, ilhali kengele hizo zilikuwa na kazi yake kabla ya askari yeyote wa Marekani kukanyaga Samar.

Wakati wa utawala wa Hispania, mapadre na maofisa walijitahidi kuwakusanya watu waliotawanyika milimani na kando ya mito ili wakae karibu na kanisa. Mpaka wa makazi hayo uliamuliwa na sikio: aliyekaa mahali ambapo kengele inasikika alihesabiwa kuwa mtu wa parokia, na papo hapo akahesabiwa kuwa mlipa kodi. Sioni sababu ya kulipamba jambo hili, kwa kuwa kengele ilikuwa chombo cha ibada na chombo cha utawala kwa wakati mmoja. Hata hivyo, vizazi vilipopita, watu waliifanya kuwa yao. Iliwaita misani, iliwakumbusha sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, ilitangaza misiba, na katika visiwa vile iliwaonya pia kwamba mashua za wavamizi kutoka kusini zimeonekana baharini.

Wamisionari wa kwanza wa Samar walikuwa Wayesuiti, na walipofukuzwa mwaka 1768 parokia zao katika kisiwa hicho hatimaye ziliangukia mikononi mwa Wafransisko. Ndiyo maana kengele za Balangiga zina nembo ya shirika hilo, yaani mikono miwili iliyopishana mbele ya msalaba, mmoja wa Kristo na mwingine wa Mtakatifu Fransisko. Moja ina mwaka 1889 pamoja na maneno ya Kihispania yanayosema kwamba ilisubiwa upya wakati wa paroko aliyetajwa jina. Maneno hayo yana uzito wake, kwa sababu zamani kengele iliyopata ufa ilipoteza sauti na haikuzibika. Iliyeyushwa, shaba na bati yake ikamiminwa tena katika kalibu, na waamini walichangia gharama. Anayeigusa leo anagusa pia kengele iliyoitangulia.

Kombania C ya Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Marekani iliingia Balangiga Agosti 1901, ikiongozwa na Kapteni Thomas Connell, ili kufunga bandari na kuzuia chakula kisiwafikie wapiganaji wa Jenerali Vicente Lukban, Wafilipino waliokuwa wakipinga utawala wa Marekani. Mwanzoni watu waliishi na askari hao bila ugomvi mkubwa. Kisha kapteni akaamuru wanaume wakusanywe kwa nguvu kufanya usafi wa mji, akawafungia usiku katika mahema yaliyowabana mno, na askari wakachukua mapanga na mchele wa watu. Kunyang'anya akiba ya chakula kijijini ni kosa ambalo hata mtu mpole halisamehi upesi.

Alfajiri ya tarehe 28 Septemba 1901, askari walipokuwa wakipata kifungua kinywa na bunduki zao nyingi zikiwa mbali nao, mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, alimnyang'anya mlinzi Adolph Gamlin bunduki yake na kumwangusha. Kengele zikalia, na mamia ya wanaume wakashambulia kwa mapanga. Baadhi yao walikuwa wamelala kanisani wakiwa wamevaa mavazi ya kike, na silaha zilikuwa zimeingizwa humo katika majeneza madogo. Kati ya askari 74, waliokufa walikuwa 48, akiwemo Connell.

Kisasi kilikuwa kikali kupita kiasi. Mji ulichomwa moto, na Jenerali Jacob Smith akaagiza kisiwa kigeuzwe jangwa na kila awezaye kubeba silaha auawe, kuanzia umri wa miaka 10. Alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi mwaka 1902, akakutwa na hatia, na adhabu yake ikaishia kustaafishwa. Msomaji wa kwetu anayejua jinsi Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala wakati wa Vita vya Maji Maji hatahitaji maelezo marefu juu ya njaa iliyofuata.

Kengele zikawa nyara. Mbili zilifikishwa mwaka 1904 katika kambi moja karibu na Cheyenne, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, ambayo baadaye ikawa kituo cha jeshi la anga, na huko zikawekwa kwenye ukuta wa matofali mekundu kuwa ukumbusho wa waliouawa. Ile ndogo ilibaki na Kikosi cha 9, na mwishowe ikakaa katika kambi ya Wamarekani huko Korea Kusini. Watafiti wengi wanaamini kwamba hiyo ndogo ndiyo iliyotoa ishara ya shambulio.

Rais Fidel Ramos wa Ufilipino alijaribu kuzirudisha miaka ya 1990, na akafikia hatua ya kupendekeza kwamba katika zile mbili za Wyoming kila nchi ibaki na kengele moja halisi na nakala moja. Wabunge wa Wyoming na baadhi ya askari wastaafu walipinga, na kulikuwa na sheria iliyozuia vitu vya ukumbusho wa askari visipelekwe nje mpaka Bunge la Marekani lilipoilegeza. Linalonigusa zaidi ni kwamba miongoni mwa waliopigania zirudi alikuwemo binti wa Gamlin, mlinzi yule aliyeangushwa kwanza na kunusurika.

Ndege iliyozibeba ilitua Manila tarehe 11 Desemba 2018. Tarehe 15 zilikabidhiwa Balangiga, na kesho yake zikaita watu kwenye misa ya kwanza kati ya zile misa tisa za alfajiri ambazo Wafilipino huadhimisha kabla ya Noeli.

Siku zilezile, seneta mmoja alipendekeza kengele moja ipelekwe Makumbusho ya Taifa mjini Manila ili taifa zima liione. Kanisa lilikataa, na kwa maoni yangu lilikuwa na haki kabisa. Kengele ya kanisa hubarikiwa kwa ajili ya ibada, na Ukuta wa Wyoming nao ulikuwa makumbusho ya namna yake, ambamo kengele mbili zilikaa miaka mingi zikitazamwa na zisiite mtu yeyote misani. Zote tatu zilibaki parokiani.