Flashi nje ya kamera kwa bajeti ndogo

Nikiulizwa mwenye kamera ya bei nafuu anunue nini kwanza, sitaji lenzi. Nataja flashi moja ambayo nguvu yake unaipanga mwenyewe kwa mkono, pamoja na jozi ya vifaa vya redio vya kuiwasha ikiwa mbali na kamera. Kabla ya kununua, kagua kitako cha flashi kilicho juu ya kamera yako: Canon EOS 250D ya mwaka 2019, kwa mfano, haina ile pini ya katikati ambayo vifaa vingi vya bei nafuu huitegemea.

Jambo linalohitaji uvumilivu ni kuelewa kwamba unapima nuru mbili kwa wakati mmoja. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huachia nuru iingie, hutawala nuru ya mazingira tu, ilhali tundu la lenzi (uwazi unaopitisha nuru) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi nuru) hutawala zote mbili; ndiyo maana ukiipandisha shata kutoka 1/60 hadi 1/200 ya sekunde, ukuta wa nyuma hufifia huku mwanga wa flashi usoni ukibaki uleule. Ukivuka kikomo cha kasi ya shata ambacho kamera inaruhusu ukitumia flashi, ambacho mara nyingi ni takriban 1/200, utepe mweusi hujitokeza kwenye picha.

Mwavuli mweupe unaopitishiwa mwanga wa flashi unatosha kabisa kulainisha vivuli, mradi usogezwe karibu na anayepigwa picha, kwani umbali ukiongezeka mara mbili mwanga hubaki robo na vivuli huwa vikali. Mimi huuweka juu kidogo ya usawa wa macho, pembeni kwa nyuzi 45, kisha huanza na 1/16 ya nguvu kamili ya flashi, ambayo huifanya flashi ijichaji upesi na betri zidumu.