Ndoano Isiyo na Ncha

Guka, yaani babu yangu, alikuwa na jogoo mwekundu ambaye hakuchinjwa hata Krismasi. Mali yote ilikuwa shingoni. Guka alipotaka nzi mpya wa kuvulia, alimkamata, akamng'oa unyoya, akauzungushia kwenye kindoano kidogo kwa uzi wa cherehani mpaka ukafanana na mdudu. Shosho, mkewe, alikuwa akisema jogoo yule analindwa kuliko yeye. Samaki wenyewe Guka hakuwataka. Kama Wakikuyu wengi wa rika lake, hakula samaki, na sufuria zake hazikuruhusiwa hata kunusa harufu yao.

Guka alijifunza kazi hiyo ujanani, akiwabebea walowezi nyavu na vikapu katika mito ya Nyeri. Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha jinsi samaki waitwao trauti walivyotufikia. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland. Yalikuja kwa meli, yakapanda treni, halafu wapagazi wakayavusha milima ya Nyandarua hadi mto Gura.

"Yaani watu wetu walipanda mlima na mayai ya samaki wasiyemla," Guka alikuwa akisema, "ili mzungu amvue, amtazame, amrudishe majini. Mimi nikalipwa kushuhudia!" Hapo angecheka mpaka kikohozi kimshike.

Agosti ya 1987 nilikuwa mwalimu mpya, nipo likizoni, na leseni ya uvuvi nimejikatia kwa mshahara wangu. Tuliteremka naye mto Thego asubuhi, ukungu bado umelala bondeni. Hakurusha mshipi upesi. Kwanza aliinua jiwe kutoka majini na kuligeuza, tukaona vidudu vilivyong'ang'ania upande wa chini. Akachagua nzi aliyefanana navyo. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja maji yamletee chakula, kwa hiyo tulimwendea kutoka nyuma, tukipanda na mto. Nzi wa manyoya hana uzito. Kinachorushwa ni mshipi, naye anabebwa tu. Mkono wa Guka ulikwenda nyuma, ukatulia kidogo, ukaja mbele, kama anayempungia mgeni ambaye hataki arudi tena.

Mimi nilikuwa na samaki wawili kwenye kikapu, wale wenye mstari wa waridi ubavuni. Guka hakuwa na hata mmoja, ingawa niliona mshipi wake ukivutwa mara kwa mara. Kila ukivutwa alitabasamu, ukalegea, akarusha tena.

Ndipo akatokea askari wa uvuvi, koti refu, buti zimelowa.

"Habari za asubuhi, wazee. Leseni."

Nikatoa yangu. Akaisoma yote, kisha akamgeukia Guka.

"Na yako, mzee wangu?"

"Ya nini?"

"Ya kuvua samaki."

"Samaki yuko wapi?"

Askari akachungulia kikapu. Guka akamwambia hao ni wa mjukuu, tena amewalipia. Halafu akavuta mshipi, akamwekea yule nzi kiganjani. Askari akampapasa kwa kidole, akampapasa tena. Ncha ya ndoano ilikuwa imekatwa kwa koleo, kimebaki kiguu butu. Hata mimi sikuwa nimelijua hilo.

"Sasa unafanya nini hapa tangu asubuhi?"

"Namdanganya. Akishaamini kwamba manyoya ya jogoo wangu ni mdudu, tumemalizana. Kumburuta hadi nchi kavu ni kazi ya vijana."

Askari akasema sheria inatazama nia. Guka akamuuliza kama yeye, kwa kutembea na rungu, ameshampiga mtu leo. Wakaketi juu ya gogo wakabishana, na nasema kweli, katika miaka yangu ya chuo cha ualimu sikupata kusikia mjadala uliopangwa vizuri namna ile. Je, mtu huhesabiwa mvuvi kwa anachobeba kwenda mtoni au kwa anachorudi nacho? Askari alishikilia cha kwanza. Guka akasema kwa hesabu hiyo mwanamke anayeteka maji kwa ndoo naye akatiwe leseni, maana kifaranga cha trauti kinaweza kuingia. Nikawamiminia chai ya chupa.

Kikombe kilipoisha, askari akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama kweli samaki huwa anaamini. Guka akampa fimbo. Mshipi wa kwanza ulinasa kichakani, wa pili ukamzunguka askari shingoni. Wa tatu ukaanguka vizuri nyuma ya jiwe kubwa, maji yakapasuka, askari akavuta kwa mikono miwili huku akipiga kelele, na nzi akaruka hewani peke yake.

"Ameshika! Mmeona? Ameshika!"

Guka akanyoosha kiganja.

"Leseni."

Askari akatazama maji, akatazama mkono ule wa kizee. "Samaki yuko wapi?" akasema, na akarusha tena.