Nilivyoufikia mzizi wa neno "azimuth"

Sisi wapima ardhi tunalitamka kila siku: azimuth, pembe inayohesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, nyuzi 0 hadi 360. Nilipotaka kujua asili yake, kamusi ya Kiingereza ilinijibu kwa mkato: Kiarabu, kwa kupitia Kilatini na Kifaransa cha kale. Halikunitosha. Nilitaka kuliona likiwa kwao.

Kamusi nyingi za Kiarabu hupangwa kwa mizizi, kwa hiyo ukilitafuta kwenye alifu hulipati. Lililonifaa ni somo la madrasa, lile la herufi za jua. Mbele ya herufi hizo lamu ya "al" humezwa, na herufi inayofuata hukazwa. Ndiyo maana twasema Assalaam, hatusemi Alsalaam. Basi "az" ile ni "al" iliyomezwa na sini! Nikaivua, zikabaki sini, mimu na te: samt, yaani njia, upande. Wingi wake sumuut. Ukitanguliza "al" unapata as-sumuut. Wazungu waliupokea wingi huo wakautumia kama umoja. Sioni ubaya, maana nasi tulipokea kitabu tukakipa wingi wa vitabu.

Kwa Kiingereza, mshairi Geoffrey Chaucer alikwisha kuliandika mnamo 1391, katika maelezo ya astrolabu, chombo cha kale cha kupimia nyota, aliyomtungia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka 10.

Na mzizi uleule ukanipa zenith, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Ni samt ar-ra's, upande wa kichwa: nukta ya mbingu iliyo juu ya utosi. Lilipoingia Kilatini likakatwa, likabaki cenit. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba herufi "m" ilisomwa kama "ni", kwa kuwa katika miandiko ya mkono ya zama zile vijiti vitatu vya m havikuwa na tofauti kubwa na n iliyofuatwa na i.

Mwenzake, nadir, ni nadhiir as-samt, kilicho mkabala na upande huo, yaani chini ya miguu. Mzizi wake ndio uliotupa nadhari. Kwenye duara la wima la chombo ninachopimia, zenith ni nyuzi 0 na nadir ni nyuzi 180.