VLAN kwenye MikroTik ya loji: nilivyotenganisha wageni, ofisi na kamera

Mtu akikwambia "weka tu IP reinji ya pili kwenye briji ileile, wageni hawataona kitu", mpotezee (briji ni kile kinachounganisha poti za rauta ziwe mtandao mmoja). Ndo ilivyokuwa kwenye loji moja hapa Moshi kabla sijaitwa, ofisi wamewekewa 192.168.88 kwa mkono, wageni wanapewa 192.168.50, wote waya mmoja na fundi kashasepa na hela yake. Mama mwenye loji akashtuka siku mgeni alipofungua app kwenye simu akakuta rekoda ya kamera imejileta yenyewe kwenye orodha.

Nikamwonyesha laivu. Nikaingia Wi-Fi ya wageni, nikajipa 192.168.88.77 kwa mkono, ukurasa wa printa ya mapokezi huo hapo. "Mwanangu, kwa hiyo hata mafaili yangu wanayaona?" Nikamwambia mama, hapa kuna namba za milango tu, ukuta haupo.

Rauta ilikuwepo, MikroTik hEX ya poti tano, inatosha kabisa. Nikaongeza swichi ya TL-SG108E na aksesi pointi mbili zinazorusha Wi-Fi zaidi ya moja, kama laki nne na ushee hivi, mama akaguna ila akatoa. VLAN ni mitandao iliyotengwa kwa namba juu ya waya uleule: ofisi VLAN 10, wageni 20, kamera 30. Interfesi na DHCP (inayogawa IP) za kila moja hizo mnazijua.

Utamu uko kwenye vlan-filtering, ile seti inayofanya briji itenganishe VLAN kweli. Ukiiwasha na jedwali la VLAN halijakamilika, au briji yenyewe hujaiweka humo na tagi (alama ya namba ya VLAN), rauta inakufungia nje hapohapo, halafu wajuaji watakwambia risetisha uanze upya. Mimi kwanza niliitoa poti ya 5 nje ya briji kabisa, nikaipa IP yake 10.99.99.1/24, nikaiingiza kwenye listi ya LAN (upande wa ndani ambao rauta inauamini), laptop nikachomeka hapo. Sasa vuruga briji utakavyo, wewe bado umo ndani! Na kwenye terminal nikabonyeza Ctrl+X, safe mode, muunganisho ukikatika inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Nikawasha mchana kweupe, mapokezi wakapiga kelele kidogo tu wakatulia.

Kwenye swichi nilikuwa na kijana wa kamera ananisaidia. Akaweka poti ya rekoda VLAN 30 bila tagi, akasema tayari bro. Rekoda haipati IP. Akalaumu kebo, akakata vichwa akakrimpu upya, bado, akaanza kuisema rekoda, mimi namwangalia tu nakunywa soda. Ile swichi ina ukurasa mwingine wa PVID, yaani VLAN ya kila kinachoingia kwenye poti bila tagi, na PVID ilikuwa bado 1, kwa hiyo kila kinachotoka kwenye rekoda kinaangukia VLAN 1. Akabadilisha ikawa 30, IP ikaja, hakunisemesha mpaka jioni.

Wageni nao wakawa wanapata IP ila kurasa hazifunguki. Fayawoli ya kiwandani kwenye input (kinacholenga rauta yenyewe) inatupa chochote kisichotoka listi ya LAN, DHCP yenyewe inapita ila DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa IP, inakatwa. Kuna jamaa akanishauri niiongeze VLAN 20 kwenye LAN, yaani mgeni afungue Winbox, app ya kuendesha rauta, akiwa kitandani! Nikaweka DNS za nje, 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kwenye DHCP ya wageni, kwisha habari.

Na msidhani VLAN peke yake inazuia, rauta bado inapitisha toka moja kwenda nyingine kwa sababu forward ya kiwandani (sheria za kinachopita katikati ya rauta) haikatazi. Chini ya ile sheria ya established (miunganisho iliyokwishaanza) nikaandika: 20 ruhusa kwenda WAN (upande wa intaneti) tu, ofisi ruhusa kwenda WAN na kuangalia rekoda, kamera haziendi popote, kingine chote drop, kinatupwa. Nikarudia ule mchezo wa 88.77, printa kimya.

Sasa mama analalamika akiwa Dar hazioni kamera zake. Hapo tunaingia WireGuard, VPN ya kuingia mtandao wake toka mbali, na hiyo nimeshamwambia ina bei yake.