Maharagwe ya kununua yakiwa tayari

Nimeshuka Githurai jioni hii, jamu ya Thika Road imenimaliza.

Pale stejini kuna mama huuza maharagwe yaliyochemshwa. Kwa pesa hiyo ningepata makavu mengi zaidi, najua. Lakini kuloweka usiku kucha, halafu masaa mawili motoni, na gesi ilivyo bei!

Nikalipa.

Akanikatia na sukuma wiki. Kisu kinapita karibu kabisa na kidole gumba, macho yake yako barabarani, ananisimulia habari za mvua. Sukuma inatoka nyembamba kama nyuzi. Yangu hutoka mapande mapande.

Mama yangu angeniita mvivu. Sawa tu. Saa mbili hii nimeshakula, miguu iko juu ya stuli.

Nyinyi huchemsha wenyewe ama mnanunua?