Mkoba wa mtumba niliopamba kwa kitenge na kokwa za chikichi

Nikipita mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, na mkoba wangu begani, wanawake hunisimamisha kuuliza nimeununua wapi. Nikijibu ni mtumba wa hapo hapo sokoni, wanadhani nawaficha duka. Ni mtumba kweli. Niliufukua chini ya lundo siku belo lilipofunguliwa, kwa elfu saba au nane hivi. Ulikuwa mweusi mtupu, na mbele una alama mbili za gundi pale palipobanduka chuma cha jina la kampuni. Urembo wote unaouona sasa nimeufanya kwa mikono yangu, na naandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakipeana ushauri unaoharibu mikoba.

Ushauri wenyewe ni ule wa supagluu. Kila uliyemuuliza anakwambia bandika tu, hiyo inashika mpaka chuma. Chuma sawa, lakini kitenge ni pamba, na gundi ile ikilowa kwenye pamba inapata moto. Kabla sijaisogeza karibu na mkoba nilichukua kipande cha kitenge kwa fundi cherehani, nikakiweka juu ya tofali uani, nikakimiminia matone kadhaa mahali pamoja. Moshi mwembamba ukapanda, harufu ikachoma macho, na kitambaa kikakakamaa. Nikakikunja, kikavunjika. Sasa fikiria matone hayo yakidondokea dera la pamba na wewe umelivaa.

Mdogo wangu alikuwa ameshanunua mkoba wa namna hiyo kwa ajili ya Idi, maua yote yamebandikwa. Kila ua lilizungukwa na ukungu mweupe usiofutika, na sikukuu yenyewe haijaisha maua yakaanza kudondoka, mengine yakiondoka na ngozi ya juu. Mkoba unakunjwa na kukunjuliwa kutwa nzima, gundi ile ikishakauka haikunjiki, lazima iachie. Mapambo ya mkoba yanashonwa. Kwa hilo sibishani na mtu.

Gundi ya fundi viatu, ile ya njano, ina kazi yake: kushikilia pambo lisihame wakati unashona. Unapaka pande zote mbili, unaacha mpaka isishike kidole, ndipo unabandika. Basi.

Kuhusu kuchagua mkoba, usihangaike na rangi wala zipu. Zipu mafundi wanabadilisha. Kunja ngozi pale mkanda unapoanzia, uiangalie kwenye mwanga wa jua. Ikionyesha vimistari vinavyotaka kubanduka, irudishe. Mikoba mingi ya mtumba ni ngozi ya bandia, tabaka la plastiki juu ya kitambaa, na unyevu huila taratibu hata ukiwa umening'inia tu kabatini. Kwetu hapa kando ya ziwa ndiyo kabisa. Ukishona urembo kwenye mkoba ulioanza kubanduka umepoteza kazi yako. Na lazima uwe na bitana, kile kitambaa cha ndani, nitaeleza kwa nini.

Maua ya kitenge kila mshonaji anayajua: duara, bandi (mshono mrefu wa mkono) pembeni, unavuta uzi. Nitasema tu duara liwe kubwa zaidi ya mara mbili ya ua unalotaka, maana wengi wanakata dogo kisha wanashangaa ua limekuwa kifungo. Wapo wanaoyapaka uji wa muhogo yasimame vizuri. Yanasimama, lakini mende wanaupenda uji huo kuliko wewe unavyoupenda mkoba. Mimi naweka ndani ya kila ua kiduara kidogo cha jinzi kuukuu. Linasimama hata likilowa.

Kinachowasimamisha watu njiani ni vile vipete vyeusi vilivyo katikati ya maua. Wanadhani ni pembe ya ng'ombe. Ni kokwa za chikichi, zile zinazobaki mawese yakishakamuliwa. Kigoma zimejaa. Watu wanazivunja kutoa mise, yaani kiini cha ndani, mise inatoa mafuta ya sabuni, na maganda wanayachoma jikoni. Mimi nililitazama lile ganda gumu, jeusi, lenye mng'ao wake, nikaona dhambi kulichoma.

Kokwa si zote sawa. Michikichi ya zamani ya hapa kwetu ni dura, ganda lake nene. Mipya, inayohimizwa tangu Serikali ilipoanza kulifufua zao hili mwaka 2018 na ambayo mbegu zake zinazalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, ni tenera, yaani dura iliyozalishwa pamoja na pisifera, aina ambayo kwa kawaida haina ganda, kwa hiyo ganda la tenera ni jembamba. Kwa mkamuaji tenera ni neema, nyama nyingi na mafuta mengi. Kwa kazi yangu haifai, ukiisaga inapasuka. Mama mmoja mkamuaji nilipomwambia nataka kokwa za michikichi ya kizee tu, alicheka, lakini alinijazia mfuko na hela akakataa. "Chukua mwanangu, si zinakaa tu hapa."

Zichemshe na majivu ya kuni zitoke mafuta, zisugue kwa brashi, zianike mpaka ukitikisa unasikia mise inacheza ndani. Hapo mise imesinyaa, imeachana na ganda. Usizisage mbichi. Na mise lazima itoke yote. Ikibaki, jua likiwaka inatoa mafuta, kitenge kinapata doa la kudumu, na wadudu wanakuja.

Kusaga ndiko kuliko na ujanja, na ujanja huu ni wangu, sikufundishwa na mtu. Kokwa ni ya mviringo na inateleza. Ukiishika kwa vidole uisugue kwenye saruji, saruji inakula kucha kwanza, na hata ukivumilia, kipete kinatoka kinene huku chembamba kule. Nilimwomba fundi seremala anitoboe ubao matundu matatu ya kuingia kokwa, yamekaa pembetatu kama mafiga. Napachika kokwa tatu, zilizo ndogo nazibana kwa kitambaa, nageuza ubao kifudifudi juu ya msasa mkavu, nasaga kwa viganja viwili. Ubao hauyumbi kwa sababu una miguu mitatu. Zinaliwa zote kwa pamoja mpaka ubao wenyewe unagusa msasa, unasimama. Huhitaji kupima.

Upande wa pili nina ubao mwingine ambao matundu yake yana kina cha milimita tano tu. Uso uliokwisha kusagwa unalala chini, ninasaga tena mpaka ubao uguse, na vipete vyote vinatoka unene mmoja. Fundi mwenyewe alipoviona vimepangwa mezani alichukua kimoja akakipima na kingine kwa kidole, akauliza mashine hiyo iko wapi.

Ukianza na upande wenye macho inakuwa rahisi zaidi. Kila kokwa ina vitundu vitatu vidogo upande mmoja, ambavyo chipukizi hutokea, na hapo ganda linafunguka mapema. Baada ya msasa mkali wa namba 80 nenda laini zaidi wa 240, kisha ule wa maji wa 600 wanaotumia mafundi rangi wa magari. Ndani ya kipete pia pitisha msasa uliosokotwa kwenye kijiti, usiruke hatua hiyo, maana ukingo wa ndani ukibaki mkali unakata uzi. Mwisho nta ya nyuki kidogo na kitambaa cha sufu. Ukikiinua kipete kwenye mwanga utaona hakijawa cheusi kitupu: kuna michirizi myembamba iliyopauka inayopita ndani ya ule weusi, na hakuna kipete kinachofanana na kingine.

Vipete vidogo zaidi nimevitunga kwenye uzi vikawa kishada cha kuning'inia kwenye zipu. Bibi mmoja wa Ujiji alipokiona alianza kunisimulia habari za sofi, shanga zilizokuwa fedha ya soko la Ujiji karne ya 19. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliziandika: shanga fupi zenye umbo la vipande vya shina la kiko, ambazo wachuuzi walizipokea kama malipo. Nilifurahi sana. Mji uliokuwa ukinunua chakula kwa shanga unastahili mikoba yenye shanga zilizotengenezwa hapa.

Sasa bitana. Wengi wakishona mapambo wanapitisha sindano kutoka nje mpaka ndani, bitana ikiwemo. Matokeo yake mfuko wa ndani unazibwa, mafundo yanakwaruza simu, funguo zinanasa kwenye nyuzi, na baada ya muda bitana inavutwa na kuchanika. Lakini mkoba wenye bitana mara nyingi hushonwa kiwandani ukiwa umegeuzwa ndani nje, kisha hugeuzwa kupitia tundu lililoachwa kwenye bitana na kuzibwa mwishoni. Litafute. Mara nyingi liko ndani ya mfuko mdogo wa zipu au chini kabisa, mshono wake uko juu juu na hauendani na mingine. Mkoba wangu ulikuwa nalo chini ya mfuko wa zipu. Nilifumua kwa wembe upana wa kiganja, nikapitisha mkono, na nikawa kati ya bitana na ngozi.

Matundu alinitobolea fundi viatu kwa ile sindano yake ya mpini. "Dada, mbona mkono unaingilia huko mfukoni? Kwa nini usipige moja kwa moja?" Nikamwambia, "Toboa kwanza kaka, utaona." Nilimsihi ayaachanishe, kwa sababu matundu kwenye ngozi ya bandia hayajifungi, na yakibanana ngozi inachanika kufuata mstari wake. Nyuma ya kila ua niliweka kipande cha jinzi, ili uzi uvute jinzi na usiikate ngozi. Uzi ni wa nailoni, wa kushonea nyavu, niliupata kwa wavuvi Kibirizi kwa hela ndogo sana. Hauozi. Fundo lake linapenda kuteleza, kwa hiyo nafunga mara mbili na kuunguza ncha kwa kiberiti kabla ya kuusukuma ndani, moto uwe mbali na mkoba.

Kipete kinakaa juu ya ua, uzi unapita juu ya ukingo wake pande nne, na katikati nashona ushanga mmoja wa kioo. Ushanga wa plastiki unapauka juani. Nikimaliza nafunga tundu la bitana kwa mkono, na ukifungua mkoba huoni hata fundo moja.

Yule fundi viatu alipoutazama ndani aliupitisha kidole pote, kisha akaniita nimwonyeshe tena lile tundu liko wapi. Sasa anafumua bitana za wateja wake namna hiyo hiyo, na akipata mkoba wa kupamba ananiletea.

Wanaotaka niwapambie, leteni mkoba mtupu wenye bitana nzima, na leteni mapema kama ni wa harusi, kwa sababu kusaga kokwa kunakula jioni nyingi. Wa maua ya kubandika sipokei.